Karantini mwezi mzima na bado koi wakafa: uchambuzi wa kisa kimoja cha KHV

Kisa hiki cha KHV, kirusi kinachoua koi (samaki wa rangi wa mapambo) na kapu, nakiandika kwa ruhusa ya mwenye samaki. Jina lake, mahali, muuzaji na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimetoa, tarehe nimezisogeza, ila mfuatano wa mambo, joto la maji na maamuzi yaliyofanyika ni vilevile yalivyokuwa.

Nimekichagua hiki kwa sababu mwenyewe hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa anapima maji, alikuwa na tanki la karantini, alikuwa na hadubini na anajua kuitumia, wafugaji wengi wa koi hawafiki hata nusu ya hapo. Na bado akapoteza karibu bwawa zima. Kwa hiyo kama unasoma hapa ukitafuta uchafu au uvivu wa mtu hautaukuta, tatizo lilikuwa kwenye namba moja tu, joto la maji ya karantini, na ile namba hakuna aliyekuwa anaiangalia.

Hali ilivyokuwa kabla

Jamaa ana mabwawa mawili. Moja la mapambo, koi kama hamsini hivi, wengine amekaa nao zaidi ya miaka kumi, pamoja na goldifishi wachache. La pili liko upande wa juu kidogo, ni la kapu wa kufuga wa kuuza kwa kula, lina chanzo chake cha maji na filta yake. Kijana anayemsaidia kazi ana tabia moja nzuri sana ambayo itakuja kuwa na maana kubwa huko mbele: neti na ndoo za bwawa la kapu hazishuki chini, na za chini hazipandi, na akimaliza huku ndo ananawa na kwenda kule.

Kwa asiyejua, koi na kapu ni samaki mmoja, spishi ileile Cyprinus carpio, koi ni kapu aliyechaguliwa kizazi hadi kizazi kwa ajili ya rangi. Ndo maana ugonjwa wa huyu ni ugonjwa wa yule, na anayefuga wa mapambo pembeni ya wa kula anatakiwa aishi na hilo kichwani kila siku.

Mwishoni mwa msimu wa baridi akanunua koi wapya sita, wazuri kweli, wenye afya, wanakula vizuri. Muuzaji ni wa kawaida, anachukua samaki sehemu tofauti tofauti na kuwachanganya kwenye matanki yake kabla ya kuuza. Jamaa akawaweka karantini mwezi mzima, na hakuishia hapo, akachukua koi wake mmoja wa zamani akamweka nao humo kama kipimo, yaani kama wageni wana kitu basi huyu mwenyeji ndo ataonyesha. Akili nzuri kabisa. Tanki lenyewe lilikuwa nje, halina hita, na maji mwezi wote ule yalikuwa digrii 13 mpaka 14.

Hakuna aliyeumwa, mwezi ukaisha, wote saba wakaingia bwawani.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Hali ya hewa ikageuka, maji yakaanza kupanda taratibu, 17, 19, halafu kikaja kipindi cha jua kali na bwawa likafika 22. Hapo ilikuwa imepita kama wiki tatu tangu wageni waingie.

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo mno: asubuhi moja koi kadhaa hawakuja kula, wamejikusanya pale maji yanapoingilia, vichwa juu, wanahema haraka. Ukimwona samaki anakaa pale unawaza oksijeni moja kwa moja, na jamaa ndo alivyowaza, akaongeza pampu ya hewa, akapima amonia sifuri, naitraiti sifuri, pH haijabadilika. Kesho yake wakawa wengi zaidi na wawili wamekufa. Wa pili kufa alikuwa ni yule mwenyeji aliyekaa na wageni karantini.

Sasa hapa ndo kisa kikapinda. Akamkamata mmoja mgonjwa, akakwangua ute kidogo ngozini na kwenye matamvua, akaweka chini ya hadubini, na akaona vitu! Trichodina, wale vimelea wadogo wa chembe moja, wanazunguka, na minyoo wa matamvua wachache. Basi ukapata mshtakiwa, akaweka formalini bwawa zima kwa dozi ya kwenye maelekezo, siku mbili baadaye akaona haisaidii akapiga potasiamu pamanganeti. Vifo vikaongezeka, kutoka wawili watatu kwa siku hadi saba.

Ndo akanipigia. Maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu swali lilikuwa ndo jibu lenyewe: "Kaka, maji yangu masafi, dawa nimeweka, wanakufa wa kwangu wa miaka yote na wale wageni wanakula kama kawaida, na goldifishi hawana habari. Inakuwaje?"

Nilipofika nikaomba samaki ambaye bado anahema, sio aliyekufa jana, maana matamvua ya maiti yanabadilika rangi haraka yakakudanganya. Tukamtoa koi mmoja wa kama kilo mbili, mweupe na mwekundu. Jicho lilikuwa limeingia ndani, ukimwangalia kwa upande unaona kabisa shimo pembeni mwa jicho ambalo kwa samaki mzima halipo. Ngozi mgongoni ilikuwa na mabaka mawili matatu yasiyong'aa, nikapitisha kidole pale, pakavu, panakwaruza kama msasa, na sentimita chache pembeni ute umejaa mzito kupita kiasi. Halafu nikafunua kifuniko cha shavu. Matamvua yanatakiwa yawe mekundu rangi moja, nyuzi zimepangana vizuri. Haya yalikuwa na mistari na mabaka meupe yaliyochanganyika na mekundu, ncha za nyuzi zimeoza zimeliwa, sehemu nyingine nyama imekufa kabisa na uchafu umenasa juu yake.

Maji digrii 22, wanakufa koi peke yao, matamvua yameoza, macho yamezama, samaki wapya wameingia wiki chache nyuma. Hapo huwezi kusema kwa uhakika kwa macho tu, ila mimi KHV ndo ilikuwa ya kwanza kichwani na nikamwambia hivyohivyo bila kuzunguka.

KHV ni kitu gani, kwa ufupi

Ni kirusi cha jamii ya hepesi, jina la kitaalamu Cyprinid herpesvirus 3. Binadamu hakimpati, wala mbwa wala ndege, kinachowaua ni kapu na koi. Vifo vikubwa vya kwanza vilivyojulikana vilitokea Israeli na Marekani mwaka 1998, ingawa baadaye sampuli za zamani zilizohifadhiwa Uingereza tangu 1996 zilikutwa nacho. Kikasambaa kwa njia ambayo kila mfugaji anaijua, samaki hai wanaouzwa na kusafirishwa. Indonesia kilianzia Java Mashariki mwaka 2002, kikaanza na koi kikaingia kwa kapu wa kula. Japani mwaka 2003 wafugaji wa ziwa Kasumigaura walipoteza zaidi ya tani 1,000 za kapu, na mwaka 2004 kwenye ziwa Biwa walikufa kapu wa porini zaidi ya 100,000. Leo kiko kwenye orodha ya magonjwa ya kuripotiwa ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH.

Kikishika samaki ambao hawajawahi kukutana nacho kinaweza kuua asilimia 80 mpaka 100. Kuanzia maambukizi hadi dalili ni siku 7 mpaka 21 kutegemea joto, na dalili zikishaonekana kifo kinaweza kuja ndani ya saa 24 hadi 48. Dawa ya kukitibu hakuna. Na joto ndo linaloamua kila kitu: ugonjwa unajitokeza maji yakiwa kati ya digrii 16 na 28 hivi, chini ya hapo kirusi kinatulia ndani ya samaki, juu ya 30 kinashindwa kuzaliana vizuri.

Maamuzi tuliyofanya na kwa nini

La kwanza, dawa zote zikome siku ileile. Alitaka kurudia formalini kwa sababu bado hadubini ilikuwa inaonyesha minyoo. Nikamwambia hao wadudu wapo kweli, ila wamekuja baada. Samaki akishapoteza kinga na ngozi ikaharibika, Trichodina na minyoo na bakteria wote wanapata nafasi, ndo maana KHV mara nyingi inajificha nyuma ya wadudu. Halafu formalini inakula oksijeni ya maji, na huyu samaki nusu ya matamvua yake imeshakufa, unampunguzia pumzi iliyobaki. Na kuna jambo la ngozi pia: mwaka 2009 watafiti walitumia kirusi kilichotengenezwa kitoe mwanga wakafuatilia kinapoingilia, wakaona mlango mkubwa ni ngozi, na ute wa juu ya ngozi ndo ukuta wa kwanza. Kila ukimsugua samaki na neti au ukimwogesha dawa kali unaubomoa ule ukuta, kwa hiyo wale waliokuwa bado hawajaambukizwa tulikuwa tunawaandaa waambukizwe.

Chakula kikasimamishwa, hewa ikaongezwa, na mtiririko wa maji ya ziada uliokuwa unatoka bwawani kwenda kwenye mfereji ukazibwa. Hili la mfereji jamaa hakuwa amelifikiria kabisa, na mfereji unaishia kwenye kijito, na kijito kina kapu wa porini. Kirusi kikiwa kwenye maji bila samaki hakidumu sana, ni saa kadhaa hadi siku chache, lakini kikimkuta kapu mwingine ndani ya huo muda basi.

La pili, kuripoti kwa idara inayohusika na afya ya samaki. Hapa tulibishana. Alikuwa anaogopa maafisa watakuja wafunge kila kitu na bwawa la kapu wa kuuza likiwemo. Hofu yake naielewa sana, ni riziki ya mtu. Lakini bila wao hatupati maabara ya kuaminika, na kama ni KHV kweli kukaa kimya ni kuwaweka majirani wote hatarini. Akapiga simu mwenyewe jioni ile. Wakaja kesho yake wakachukua samaki wanaokaribia kufa wakiwa hai, wakatoa vipande vya matamvua na figo kwa ajili ya PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Pia waliomba wapime kirusi cha edema ya kapu, ule ugonjwa wa koi kulala, maana unafanana kwa matamvua, tofauti yake wale wanalala ubavu chini kabisa na chumvi ya asilimia 0.5 huwa inawasaidia.

La tatu ndo lilikuwa gumu, kupandisha joto. Alisoma mahali kwamba ukifikisha maji digrii 30 vifo vinaacha, na hajakosea, vinapungua kweli. Hata samaki mwenyewe anajua, kapu aliyeambukizwa akipewa nafasi ya kuchagua anakwenda kukaa upande wenye maji ya moto zaidi. Israeli waliwahi kutumia njia hii kwa makusudi, samaki wachanga wanakutanishwa na kirusi siku chache halafu wanahamishiwa kwenye mabwawa ya moto, wanaobaki wanakuwa na kinga. Tatizo ni kwamba aliyepona hajakitoa kirusi, kinabaki kimejificha kwenye chembe nyeupe za damu, na ukimshtua baadaye kwa joto, usafiri au kusukwasukwa na neti kinaweza kuamka na kuanza kutoka tena. Kwa mtu mwenye bwawa moja lisiloingia wala kutoka samaki labda ungeweza kujadili. Kwa huyu mwenye kapu wa kuuza hatua chache juu, kupandisha joto ilikuwa ni kutengeneza bwawa la wabebaji. Na pia maji yenye joto yanashika oksijeni kidogo, kwa matamvua yale wengine wangekufa njiani kabla ya kufika 30. Tukaacha.

La nne, goldifishi. Siku ya pili ya mimi kuwa pale nikamkuta anaandaa ndoo awahamishie juu kwenye bwawa la kapu, "hawa angalau niwaokoe, hawaumwi." Aisee. Goldifishi hawaonyeshi ugonjwa, lakini chembe za vinasaba vya kirusi zimeshakutwa ndani yao zaidi ya mara moja na wanashukiwa kukibeba na kukipitisha. Ndoo ile ingepanda juu sidhani kama ningekuwa naandika habari za bwawa la pili kupona. Wakabaki chini.

La tano, samaki waliobaki. Majibu ya PCR yalirudi KHV ndiyo, edema hapana. Kufikia hapo zaidi ya arobaini walishakufa. Wakabaki tisa, wanne kati yao ni wageni, na mmoja ni koi wa zamani kabisa wa jamaa, jike kubwa jeusi na jeupe ambalo watoto wake wamekua wakilipa chakula mkononi. Lilikuwa limeanza kula tena. Maafisa wakamweleza wazi kuna njia mbili: bwawa libaki na samaki wake ila lihesabike ni la maambukizi, hakuna kiumbe wala kifaa kuingia au kutoka kwa muda usiojulikana, au liondolewe samaki wote lisafishwe lianze upya. Hakuna aliyemsukuma. Akakaa na familia usiku ule, asubuhi akasema tusafishe. Sababu yake ilikuwa bwawa la juu, na kwamba hawezi kuishi akihesabu kila tone linaloruka.

Walilazwa kwa dozi kubwa ya dawa ya usingizi, goldifishi pia, kila mmoja akahakikishwa amekufa kabla ya kutolewa. Nililisimamia lile jike mwenyewe kwa sababu aliomba asiwepo. Kama unafuga koi unajua kwa nini nalitaja.

Kusafisha na matokeo

Mizoga yote ilizikwa ndani kabisa na chokaa, mbali na maji, hakuna hata mmoja aliyeachwa ndege au paka wachukue. Bwawa likatiwa klorini kabla ya kumwagwa ili yasitoke maji yenye kirusi, klorini ikavunjwa ndo maji yakatoka. Halafu ikaja kazi ambayo watu wanairuka, kutoa tope lote na vyombo vya filta, kusugua kuta, maana dawa yoyote ya kuua kirusi ikikutana na uchafu inaishia kwenye uchafu. Baada ya hapo ndo ikapigwa hypochlorite, yaani dawa ya klorini, tena. Kwa kumbukumbu, vipimo vilivyothibitishwa kuua KHV kwenye digrii 15 ni miligramu 200 kwa lita kwa dakika 20, iwe iodofa (dawa ya iodini) au hypochlorite, au ethanoli ya asilimia 30 kwa muda huohuo. Neti zilizowezekana kuchomwa zilichomwa, nyingine zikalowekwa na kuanikwa juani. Bwawa likaachwa kavu wiki kadhaa.

Lilipojazwa tena hakununua koi. Aliweka kapu wadogo wachache kutoka bwawa la juu kama walinzi, maji yakiwa kati ya 22 na 25, wakakaa humo zaidi ya mwezi, kisha matamvua na figo zao zikapimwa. Hasi. Bwawa la juu nalo lilifuatiliwa msimu mzima wa joto, hakuna aliyeumwa na sampuli zilirudi safi.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Karantini. Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu watu wengi wakisikia kisa hiki wanasema "angekaa miezi miwili." Hapana, kwa digrii 13 hata angekaa miezi minne hadithi ingekuwa ileile. Kuna majaribio yaliyofanyika, kapu wakaambukizwa kwenye maji ya digrii 12, wakakaa muda mrefu bila shida, maji yalipopandishwa hadi 23 wakaanza kufa. Kwa hiyo muda peke yake hausemi chochote. Mwezi wa baridi unakuambia samaki hajafa kwa baridi, basi. Karantini ya KHV inatakiwa itembee kwenye joto ambalo kirusi kinapenda, 22 hadi 25, angalau wiki nne hapo, ndo unampa nafasi ya kujionyesha wakati bado yuko kwenye tanki na sio bwawani.

Yule mwenyeji aliyewekwa kama kipimo, wazo lilikuwa sahihi kabisa na ningependa kila mtu alifanye, ila kwenye baridi aliharibu zaidi kuliko kusaidia, kwa sababu alitoka mzima na jamaa akapata uhakika ambao haukuwepo. Inawezekana kabisa alirudi bwawani akiwa ameshaambukizwa, na kufa kwake wa pili kunaelekea huko. Angewekwa kwenye maji ya 23 angekufa peke yake ndani ya tanki la karantini na koi hamsini wangekuwa hai.

Wageni wazima wenyeji wagonjwa. Hili ndo lililompotosha zaidi na ndo lingetakiwa limwamshe. Kawaida tunategemea mgeni aliyeleta ugonjwa aumwe yeye kwanza. Kwenye KHV mara nyingi ni kinyume, mgeni alishaugua huko alikotoka akapona, ana kinga na ana kirusi, anakula na kung'aa huku wenzake wasio na kinga wanaanguka. Ukiona samaki wako wa zamani wanakufa wiki chache baada ya kuingiza wapya wanaopendeza, acha kuangalia maji kwanza, waangalie hao wanaopendeza.

Hadubini. Sitaki mtu asome hapa aache kukwangua ute, ni kifaa kizuri sana. Ila hadubini ya nyumbani inaona wadudu, kirusi haiwezi kukiona, kwa hiyo kila ukiitumia itakupa jibu la aina moja tu. Kulikuwa na ushahidi mwingine palepale bila kifaa chochote: amonia au oksijeni vingekuwa tatizo goldifishi nao wangetetereka, wadudu wachache vile hawaui saba kwa siku, na hakuna mdudu anayezamisha macho namna ile. Kama angefunua matamvua ya samaki wa kwanza kufa akiwa bado anahema, siku zile za formalini na pamanganeti zisingekuwepo. Vifo pengine vingefika palepale kwa koi, lakini mfereji ungezibwa mapema, na hicho kwangu ndo kikubwa.

Na wangepimwa kabla ya kununuliwa? Ingesaidia kiasi. Mbebaji aliyetulia anaweza kutoka hasi kwenye PCR kwa sababu kirusi ni kidogo mno mwilini. Kipimo cha kingamwili kinamshika vizuri zaidi aliyewahi kuugua, ila hakikwambii kama anatoa kirusi leo. Ndo maana wapimaji wenyewe wanapendelea uwapashe joto kwanza, uwaweke na asiye na kinga, ndo uchukue sampuli.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Neti. Nitasema bila kusita kwamba aliyeokoa bwawa la kapu ni yule kijana na tabia yake ya kutochanganya vifaa, miaka yote anaifanya bila kujua kuna kirusi gani. Maji tofauti yalisaidia, mfereji kuzibwa ulisaidia, lakini wiki ile ya kwanza kabla hatujajua kitu, wakati watu wanapanda na kushuka na ndoo za maji ya kupima, ni yeye tu aliyekuwa anakumbusha "hiyo ya chini."

Kuripoti mapema. Ile hofu ya kufungiwa kila kitu haikutimia, walizuia uhamishaji wa samaki kwenye mabwawa yote mawili mpaka vipimo vya juu vikarudi, ilimuumiza kwa sababu alikuwa na wateja wanasubiri, ila hakupoteza kapu hata mmoja. Na kupitia wao ndo ikafuatiliwa mpaka kwa muuzaji, ambaye kumbe alikuwa ameuza samaki wa bechi ileile kwa watu wengine, nao karibu wote walikuwa wamewaweka kwenye maji ya baridi kama jamaa. Kwa mmoja wao maji yalikuwa bado hayajapita 15 wakati simu inampata. Aliweza kuwatenga kwenye tanki la ndani lenye hita, akawapandisha taratibu hadi 23 pamoja na koi wake mmoja, na wiki ya pili yule koi akaanza kuhema juu juu. Bwawa lake kubwa hawakuwa wameingia.